Ukipata homa masika haya, mwambie daktari kuwa una bustani

Masika yameshika kasi na kila mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba amekumbuka jembe lake. Hapa Dar es Salaam, mvua ikikatika asubuhi utawakuta majirani wamesimama kwenye ua wa michongoma, mmoja upande huu na mwenzake upande ule, na mazungumzo ni ya bustani tu. Nani ana miche ya pilipili, mchicha wa nani umeliwa na konokono, nani anajua pa kupata samadi ya ng'ombe. Wapangaji wasio na eneo nao hawakubaki nyuma. Wamejaza udongo kwenye viroba na ndoo zilizopasuka, na sukuma wiki imesimama mlangoni.

Nami ni mmoja wao. Nina matuta manne ya mchicha, matembele, bamia na nyanya chungu, na siku za Jumamosi majirani huja kuomba vipando au kuniletea vyao. Tunaongea yote: bei ya mkaa, ada za watoto, barabara iliyokatika, kisha tunarudi kwenye bamia. Lakini kuna jambo moja ambalo halitajwi katika maongezi hayo, na hata mtu akifika mbele ya daktari huwa halitaji. Mtu akishinda kwenye tope akiwa peku, kisha wiki moja baadaye akapata homa, mara nyingi haunganishi mambo hayo mawili. Atasema ni malaria, au ni mvua iliyomnyeshea juzi. Daktari naye asipouliza, bustani haitaingia kabisa kwenye maelezo ya ugonjwa.

Leo nataka tuzungumze kuhusu hilo. Bustani yako ni sehemu ya maelezo ya ugonjwa wako, na kuitaja kunaweza kuokoa figo zako au maisha yako.

Kwanza, endelea kulima

Simkatazi mtu kulima. Ningekuwa na uwezo ningeandika bustani kwenye karatasi ya dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa familia ya watu sita hicho ni kiasi kikubwa, na ukikinunua chote sokoni mfuko unaumia. Mchicha ukiusia leo, baada ya wiki tatu hadi nne unavuna. Matembele ukiyachuma yanachipua tena. Mboga hizi za majani zina madini ya chuma na foliki asidi vinavyosaidia kutengeneza damu, pamoja na virutubisho ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, muhimu kwa macho na kinga ya mtoto.

Ukitaka mwili upate zaidi chuma kilichomo kwenye mboga, kula na kitu chenye vitamini C, kwa mfano kamulia limau juu ya mchicha ulioiva au maliza mlo kwa chungwa. Chai ya rangi uisogeze mbele, saa moja hivi baada ya kula, kwa sababu inazuia chuma kisifyonzwe vizuri.

Kulima pia ni mazoezi. Mtu mzima anashauriwa kufanya mazoezi ya kiasi kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Kupalilia, kubeba ndoo na kuchimba vinahesabika. Wapo wagonjwa wangu wa shinikizo la damu ambao ukiwaambia waende kukimbia wanacheka, lakini ukiwapa tuta la bamia hawakosi hata siku moja.

Halafu kuna faida ya kuwa na watu. Jirani aliyezoea kukuona kila asubuhi ukikagua nyanya zako, asipokuona siku mbili atakuja kugonga mlango. Jambo hili linaonekana dogo mpaka siku linapokukuta.

"Sina kazi, mwanangu"

Masika yaliyopita niliingia zamu nikamkuta mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ameletwa na jirani yake. Alikuwa na homa kwa siku ya sita. Alikuwa amepima malaria siku ya pili, kipimo kikaonyesha hana, lakini akanunua dawa mseto na kuzimaliza, akidhani kipimo hakikuona vizuri. Homa haikushuka. Macho yake yalikuwa mekundu na yameanza kuingia umanjano. Nilipomgusa nyuma ya miguu, chini ya goti, aliruka kwa maumivu. Mkojo ulikuwa kidogo, wa rangi ya chai kali.

Nilimwamkia, kisha nikamuuliza, "Mwalimu, siku hizi unafanya kazi gani?"

"Sina kazi, mwanangu," akanijibu. "Nimestaafu, nipo nyumbani tu."

Yule mama jirani yake, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba wake mapajani, akadakia: "Dokta, samahani. Mwalimu ana kazi kuliko sisi sote. Wiki mbili zilizopita alizibua mtaro wa nyuma siku mbili mfululizo ili maji yasiingie kwenye matembele yake. Mle kwenye mtaro mmejaa panya. Na alikuwa peku, na ana magaga. Mimi nilimwambia, baba, vaa viatu, hakusikia."

Maneno hayo ya dakika moja yalitupa njia. Tuliagiza vipimo vya figo na ini, vyote vikawa vimeathirika. Tukaanza antibayotiki siku ileile bila kusubiri majibu ya kipimo maalumu. Mwalimu alilazwa, figo zikarudi kazini taratibu, na akaenda nyumbani kwa miguu yake. Ugonjwa wake unaitwa homa ya mgunda.

Angalia lilikofichwa jibu. Mzee hakudanganya. Kwa hesabu yake, kazi ni ile ya mshahara, na bustani ni kupitisha muda. Wengi wetu tunahesabu hivyohivyo. Mama wa nyumbani anayepalilia kila siku akiulizwa kazi yake atasema hana. Kwa hiyo daktari anaandika "hana kazi", na panya, tope na mtaro vinabaki nje ya faili.

Homa ya mgunda ni nini?

Katika baadhi ya lugha zetu za Kibantu mgunda ni shamba, na jina hilo linasema mengi. Ugonjwa huu unasababishwa na bakteria wanaoitwa leptospira. Hukaa kwenye figo za wanyama na kutoka kwa mkojo. Panya ndio wanaotajwa zaidi, lakini ng'ombe, nguruwe, mbwa na wanyama wengine nao wanaweza kuwabeba. Mkojo ukiingia kwenye maji au udongo wenye unyevu, bakteria hawa wanaweza kuishi kwa wiki kadhaa. Jua kali na ukavu huwaua. Ndiyo maana masika ni msimu wao.

Wanaingia mwilini kupitia mchubuko, mpasuko wa kisigino, ngozi iliyolainika kwa kukaa majini muda mrefu, au kupitia macho, pua na mdomo. Dalili huanza mara nyingi kati ya siku 5 na 14, ingawa zinaweza kuchukua siku 2 hadi 30. Hapo ndipo watu wanapopotea. Siku homa inapoanza, umeshausahau mtaro.

Huanza kama homa nyingine yoyote: joto kali la ghafla, kichwa kuuma, mwili kuuma. Maumivu ya misuli ya nyuma ya miguu na macho kuwa mekundu bila kutoa tongo ni dalili zinazotuelekeza. Wengi hupona. Lakini kwa baadhi, ugonjwa unashambulia ini, figo au mapafu, na hapo mtu anaweza kufa.

Bila shaka unakumbuka Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi. Watu waliugua homa, wakatoka damu puani, kichwa kikawauma na mwili ukaishiwa nguvu. Kwa siku kadhaa nchi nzima iliongea kuhusu ugonjwa usiojulikana. Wizara ya Afya ilitangaza baada ya uchunguzi kuwa ni homa ya mgunda. Wakati wa tangazo hilo wagonjwa walikuwa 20 na watatu kati yao walikuwa wamefariki. Ugonjwa huo ulikuwa unafahamika kwa wataalamu miaka mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamekuwa wakiuchunguza kwa panya na mifugo muda mrefu kabla ya hapo. Aliyekuwa haufahamu ni mimi na wewe tuliozoea kuiita kila homa kwa jina moja.

Si kila homa ni malaria

Malaria ipo na inaua, hasa watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito. Kila mwenye homa apimwe malaria, mapema, na akikutwa nayo atumie dozi yote. Tatizo linaanza kipimo kinaposema huna, kisha ukameza dawa mseto vilevile.

Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008. Karibu 6 kati ya kila 10 walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria. Vipimo vya kina vilionyesha malaria kwa wagonjwa 14 tu. Moshi haina malaria nyingi kama maeneo ya Pwani, kwa hiyo usizichukue hesabu hizo kama zilivyo na kuzileta mtaani kwako. Funzo lake, hata hivyo, ni letu sote. Miongoni mwa magonjwa yaliyokutwa ni yale yanayotoka kwa wanyama, ikiwamo homa ya mgunda, na dawa ya malaria haitibu hata moja kati yao.

Kwa hiyo kipimo cha malaria kikisema huna, bado una homa na bado unahitaji jibu. Homa ikiendelea siku mbili baada ya kipimo, rudi kituoni. Usiende duka la dawa kutafuta dawa nyingine kali zaidi.

Mbu anayeng'ata mchana

Homa ya pili ya bustani ni dengue, ambayo wengine huiita kidingapopo. Dar es Salaam tunaifahamu. Mwaka 2014 ilitutikisa, na mwaka 2019 ikarudi na kuugusa maelfu ya watu.

Mbu wake ni Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na hung'ata mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, saa zilezile tunazopenda kuwa bustanini. Chandarua cha usiku hakikusaidii kwake. Hahitaji dimbwi chafu. Anataka maji yaliyotulia kwenye chombo, na vyombo hivyo ni mali ya mwenye bustani: sahani chini ya chungu cha maua, kopo la kunyunyizia, tairi kuukuu ulilopandia mchaichai, dumu lililokatwa, kifuu cha nazi kilichotupwa kwenye rundo la mboji. Maji ya kikombe kimoja yanamtosha.

Yai hadi mbu kamili huchukua kama siku 7 hadi 10 kwenye joto letu. Kwa hiyo ukivimwaga vyombo vyote mara moja kila wiki, unamkatisha kabla hajaruka. Vikwangue pembeni kwa brashi, kwa sababu mayai hushika kwenye kingo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri mvua nyingine. Pipa la kuvunia maji ya mvua lifunike kwa kitambaa au wavu usioacha upenyo. Chagua siku maalumu. Majirani zangu tumechagua Jumamosi, kila mmoja anakagua kwake kabla ya kuomba mche kwa mwenzake.

Hapa kuna onyo ambalo naomba ulikate na kulibandika ukutani. Ukiwa na homa usiyoijua masika haya, usimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kutuliza maumivu. Kama homa hiyo ni dengue, dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Tumia paracetamol kwa dozi sahihi, kunywa maji mengi, uji, maji ya dafu au maji yenye chumvi na sukari ya kuongezea mwili maji, na nenda ukapimwe. Nasema hivi kwa sababu nimeisikia mwenyewe kwenye ua wa michongoma: "Shoga, mwili ukikuuma hivyo chukua diklofenaki mbili na mseto, kesho umepona." Anayesema hivyo ana nia njema. Ushauri wake unaweza kukulaza chumba cha wagonjwa mahututi.

Jambo jingine kuhusu dengue: siku ya hatari mara nyingi huja joto likishaanza kushuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Mtu anadhani amepona. Akianza kuumwa sana tumbo, kutapika mfululizo, kutoka damu kwenye fizi au pua, kuhangaika au kulegea kupita kawaida, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kidonda ulichokidharau

Huko nyuma nimetaja magaga. Miguu ina habari nyingine mbili za masika.

Ya kwanza ni pepopunda. Mbegu za bakteria wake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama kwa miaka. Samadi nzuri uliyoletewa kwa ajili ya bamia inaweza kuwa nazo. Msumari uliofichwa kwenye tope, mwiba wa mchongoma, au jembe lililoteleza likachana kidole, vyote vinaweza kuziingiza ndani. Dalili zinaanza mara nyingi kati ya siku 3 na 21: taya linakaza, kumeza kunakuwa kugumu, kisha misuli ya mgongo na tumbo inakakamaa. Hata hospitali kubwa huhangaika sana kumwokoa mtu aliyefikia hapo, lakini chanjo inauzuia.

Wanawake wengi wamechanjwa kwa sababu ya kliniki ya wajawazito, ambako dozi tano zilizopangwa vizuri hukinga kwa muda mrefu. Wanaume wengi chanjo yao ya mwisho ni ya utotoni, kama waliipata. Baba, wewe unayesoma gazeti hili: ulichanjwa lini? Kama hukumbuki, kituo cha afya kitakusaidia kuanza. Na ukipata kidonda chenye udongo, osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, toa uchafu, funika kwa kitambaa safi, kisha nenda kituoni siku hiyohiyo ili waamue kama unahitaji chanjo ya nyongeza. Usiweke majivu, tumbaku, mafuta ya taa wala unga wa majani. Vitu hivyo huongeza uchafu na kuziba kidonda.

Ya pili ni minyoo ya safura. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha binadamu, huanguliwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, na viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu ulio peku. Unaweza kusikia muwasho mdogo kati ya vidole, ukaupuuza. Minyoo ikifika tumboni hunyonya damu polepole, kwa miezi na miaka. Mtoto anapauka, anachoka, anashindwa darasani. Mama mjamzito anaishiwa damu wakati anapoihitaji zaidi. Kwa namna hiyo familia inaweza kula mchicha kila siku, chuma kikaingia mdomoni, na damu ikatokea chini.

Mwenye kisukari aongeze uangalifu. Kama miguu yako imeanza kufa ganzi, unaweza kukanyaga chupa usisikie. Usiingie bustanini peku hata kwa dakika moja, na kila jioni kagua nyayo zako kwa kioo au mwombe mtu wa nyumbani akuangalie.

Kinga ya yote haya ni ileile. Nunua mabuti ya mvua ya mpira. Kama hela haitoshi, viatu vya plastiki vilivyoziba vidole ni bora kuliko kandambili, na kandambili ni bora kuliko peku. Kwa kuzibua mtaro, mabuti ni lazima, na glavu za mpira pia, hasa ukiwa na mchubuko. Ukimaliza, oga kwa sabuni, osha miguu vizuri na ikaushe katikati ya vidole. Punguza panya kwa kufunika pipa la taka, kufyeka majani marefu karibu na nyumba na kutolaza chakula cha kuku nje usiku.

Maji yanayopita kwenye mboga zako

Tunajuana. Mvua kubwa ikishuka usiku, kuna watu hufungulia vyoo vyao vitapike mtaani, wakiamini maji yatabeba yote. Maji hayo hayapotei. Yanapita kwenye tuta la mchicha la jirani wa chini, na kwenye kisima chake. Hapo ndipo kuhara, homa ya matumbo na hata kipindupindu vinapopata njia.

Kama maji ya choo yamefika kwenye mboga za majani, usizionee huruma. Ng'oa, usile wala kuuza, na subiri udongo ukauke vizuri juani kabla ya kupanda tena. Mboga nyingine zote za masika zioshe kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani. Zinazoliwa mbichi, kama kabichi na nyanya za kachumbari, zioshe kwa uangalifu zaidi. Ukiwa na mashaka na maji yaliyozigusa, zipike. Na kama unayefungulia choo ni wewe, fahamu kuwa watoto wa jirani wanakunywa unachokiachia.

Ukifika kwa daktari, sema haya

Madaktari tuna foleni ndefu na dakika chache. Sitetei hali hiyo, naieleza ilivyo ili ujue jinsi ya kuzitumia dakika zako. Ukiwa na homa msimu huu, usisubiri kuulizwa. Sema mambo haya matano.

Kwanza, sema homa ilianza siku gani, si "siku nyingi" wala "juzijuzi".

Pili, sema umefanya nini katika mwezi mmoja uliopita kwenye udongo na maji: umelima, umezibua mtaro, umetembea kwenye mafuriko, umesafisha banda, umekamata panya. Taja hata kama unaona si kazi.

Tatu, onyesha kidonda, mchubuko au mpasuko wowote, hata uliokwisha kupona.

Nne, taja dawa zote ulizokwisha kumeza, za dukani na za miti shamba, bila aibu. Sisi hatutakugombeza, na kama tutakugombeza, vumilia, dawa ijulikane.

Tano, sema kama nyumbani au mtaani kuna mwingine mwenye homa kama yako.

Kimbia hospitali bila kusubiri foleni ya kesho ukiona macho yamekuwa ya njano, mkojo umepungua au umekuwa mweusi, damu inatoka puani, kwenye fizi au kwenye choo, pumzi inabana, taya linakaza, shingo inakakamaa, au mgonjwa anachanganyikiwa. Kwa mtoto, ongeza kukataa kunyonya au kula, degedege, na kulala kusiko kwa kawaida.

Kama mgonjwa hawezi kujieleza, nenda naye. Wewe jirani unayemwona kila siku kwenye matuta yake unajua mambo ambayo hata mwanawe anayeishi mkoa mwingine hayajui. Usikae pembeni kwa heshima ukisubiri kuulizwa. Fanya kama yule mama mwenye mkoba mapajani: omba radhi, kisha sema.

Wiki hii nakupa kazi tatu. Mwaga maji kwenye vyombo vyote vya bustanini. Tafuta viatu vya kuingilia kwenye tope, vya kwako na vya watoto. Na mtakapokutana tena kwenye ua kubadilishana miche, muulize mwenzako kama anakumbuka lini alichanjwa pepopunda. Ataona ni swali la ajabu. Mwambie umelisoma gazetini.

Nakutakia masika mema na mavuno mengi. Tukutane wiki ijayo.